Niletewe Greatest Hits ya Queen au albamu ya kawaida? Jibu kwa kijana wa Chake

Kijana mmoja wa Chake Chake kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu: "Assalaam alaykum maalim. Mjomba wangu anarudi kutoka London mwezi ujao, kaniuliza aniletee nini nikamwambia sidii ya Queen, kwa sababu Freddie Mercury ni mzaliwa wa kwetu na mie namjua kwa nyimbo mbili tu. Sasa niombe ile Greatest Hits au albamu ya kawaida? Rafiki yangu ananambia hizi albamu za vibao ni wizi mtupu, kampuni inachukua nyimbo za zamani inazipanga upya inakuuzia tena. Na jengine, kwa nini wakongwe wetu wa taarab hawana greatest hits zao?"

Waalaykum salaam mwanangu. Nakujibu la kwanza papo hapo maana mjomba ana safari: mwambie alete Greatest Hits ya Queen, kikundi cha roki cha Freddie, ile iliyotoka Uingereza 1981, na kama mfuko unamruhusu aongeze na A Night at the Opera ya 1975. Mbili hizo zinakutosha kwa kuanzia. La rafiki yako lina ukweli nusu. La taarab ndo refu na ndo linaloniuma zaidi, nitalifikia.

Ila kabla ya yote nataka ushike jambo moja, maana hilo ndo litakusaidia na Queen, na Bob Marley, na kina Bi Kidude pia. Albamu ya vibao haijitengenezi. Kuna mtu alikaa kitako akachagua, huu utie ule toa, na huyo mtu alikuwa na sababu zake. Mara nyengine sababu ni pesa, mara nyengine ni mapenzi ya muziki, mara nyengine ni woga. Mie nimefanya kazi ya kupanga na kupiga muziki redioni miaka mingi na hilo ndo swali langu la kwanza kila nikishika mkusanyiko wowote: nani kachagua, anamchagulia nani, na kaacha nini nje?

Sasa hizi albamu zilianzaje. Ile inayotajwa mara nyingi kuwa ndo ya mwanzo kwa mtindo huu ni Johnny's Greatest Hits ya Johnny Mathis, Mmarekani, ilitoka 1958. Mwenyewe alikuwa safarini anafanya maonyesho, hakuna nyimbo mpya za kutosha kutoa albamu, kampuni yake ikakusanya zile zilizokwisha kutoka moja moja kwenye sahani ndogo za santuri ikazitia pamoja kwenye sahani kubwa. Walichotaka ni kuziba pengo tu. Albamu ile ikakaa kwenye chati ya Marekani wiki 490, yaani karibu miaka kumi. Unafikiri kampuni nyengine zilifanya nini zilipoona vile? Kila mtu akataka yake.

Na hapa uelewe pesa inavyokwenda, ndo utajua kwa nini rafiki yako kasema wizi. Albamu mpya ina gharama, studio inalipwa kwa saa, wapigaji wanalipwa, mtayarishaji, fundi mitambo, halafu hujui kama watu wataipenda. Albamu ya vibao haina hayo, nyimbo zipo kabatini, kila moja ishapimwa sokoni na watu washaipenda, kazi iliobaki ni jaladi na tangazo. Ndo maana utaona kampuni inaitoa msanii akiwa amechelewa na kazi mpya, au mkataba wake unakaribia kwisha, au anataka kuhama, au keshafariki. Eagles wa Marekani ndo mfano mkubwa. Mwezi wa pili 1976 kampuni yao ya Asylum ikatoa Their Greatest Hits ya nyimbo za 1971 mpaka 1975, na wenyewe hawakuifurahia kabisa, Don Henley, mmoja wao, alikuja kusema wazi kuwa ile ilikuwa njia ya kampuni kuuza bila kulipia gharama za kurikodi. Albamu hiyohiyo ikawa ya mwanzo kupewa cheti cha mauzo cha platinamu Marekani kilipoanzishwa mwaka ule, na kufika 2018 ikahesabiwa milioni 38 nchini kule peke yake, ikaipita mpaka Thriller ya Michael Jackson. Sasa ona kilichokuja baadae: wimbo wao mashuhuri kuliko zote, Hotel California, haumo ndani, kwa sababu ulitoka mwisho wa mwaka huohuo. Mtu anaenunua albamu ile leo akidhani kapata Eagles wote kamkosa yule anaemtafuta.

Kwa hiyo ni wizi? Mie sisemi hivyo. Fikiria mtu wa kawaida wa miaka ile, Uingereza au hata hapa Unguja, albamu moja ni pesa ya kufikiria, atanunua nane ili apate nyimbo mbili mbili? Mkusanyiko ulimpa mtu wa kipato kidogo nafasi ya kumjua msanii. Na mara nyengine mashabiki wenyewe ndo walioilazimisha kampuni. Mwanzo wa miaka ya sabiini Marekani kulikuwa na mkusanyiko wa Beatles usio halali unatangazwa na kuuzwa waziwazi, jina lake Alpha Omega, basi 1973 ikabidi zitoke mbili rasmi, ile nyekundu ya 1962 mpaka 1966 na ile ya buluu ya 1967 mpaka 1970. Mpaka kesho nyekundu na buluu zile ndo naziona kipimo cha namna ya kufanya, nyimbo zimepangwa kwa mfuatano wa miaka, unasikia vijana wa nyimbo za mapenzi za dakika mbili wanavyokua mbele ya masikio yako mpaka wanafika kwengine kabisa. Hapo mchaguzi kakufundisha kitu. Baadae 2000 wakatoa nyengine inaitwa 1, nyimbo 27 zilizofika nambari moja, na iliuzwa kwa wingi sana, lakini kwangu mie haina mafunzo kama zile mbili, kwa sababu nambari ya chati haikwambii wimbo una nini.

Wizi wenyewe hasa, kama unalitaka neno hilo, ni ule wa kutia wimbo mpya mmoja au miwili ndani ya mkusanyiko wa nyimbo za zamani, ili yule shabiki mwenye albamu zote alazimike kununua tena. Hiyo siipendi. Na nyengine ya kuangalia ni nyimbo zilizoguswa. The Immaculate Collection ya Madonna ya 1990 ni albamu nzuri sana kuisikiliza, ila nyimbo zake zimechanganywa upya na nyengine zimekatwa, pamoja na mbili mpya juu yake, kwa hiyo ukiijua hiyo tu huzijui zile nyimbo kama zilivyotoka. Si kosa, ila ulijue.

Haya, Queen.

Freddie jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, wazee wake Maparsi, baba akifanya kazi ya serikali ya Kiingereza, mwenyewe skuli akapelekwa India, akarudi, na 1964 familia ikahamia Uingereza. Hayo unayajua, na kule Shangani siku hizi ipo makumbusho yake. Greatest Hits yao ya 1981 ndo albamu iliyouzwa zaidi kuliko zote Uingereza, 2022 ilivuka milioni 7 katika nchi ile moja tu, hakuna aliyefika hapo kabla. Zaidi ya Beatles, zaidi ya yeyote. Kwa mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe hilo si jambo dogo na mie nalisema kwa fakhari.

Ina nyimbo 17, inaanza na Bohemian Rhapsody inamaliza na We Are the Champions. Kwa nini nasema ni mkusanyiko mzuri? Kwa sababu Queen walikuwa kikundi cha vibao kweli, na kila mmoja katika wanne wale alikuwa mtunzi, kwa hiyo nyimbo hazifanani, unatoka kwenye opera unaingia kwenye roki unaingia kwenye kitu cha kuchezea dansi, na hujachoka. Ukiisikiliza moja kwa moja unaskia kama imetungwa albamu moja na huo ni ufundi wa mpangaji.

Lakini sasa tuulize lile swali letu, nani kaachwa. Hesabu watunzi: katika 17 zile, 10 ni za Freddie, 5 za Brian May mpiga gitaa, 2 za John Deacon mpiga besi. Roger Taylor mpiga ngoma hana hata moja! Mtu akishika albamu ile peke yake atadhani Roger kazi yake ilikuwa kupiga ngoma na kuitikia. Kumbe alikuwa anaandika tangu mwanzo, ila nyimbo zake zilikuwa bado hazijawa vibao, Radio Ga Ga yake ilikuja 1984 na utaikuta kwenye Greatest Hits II. Pia albamu yao ya kwanza kabisa ya 1973 haikutoa wimbo hata mmoja mle. Love of My Life, wimbo wa Freddie ambao watu viwanjani walikuwa wanamuimbia yeye badala ya yeye kuwaimbia wao, haumo, huo uko A Night at the Opera na ndo sababu mojawapo ya kukwambia uitafute. Na upo mwengine unaitwa Mustapha, unafungua albamu ya Jazz ya 1978, Freddie anaimba kwa sauti ya kuvuta na kupandisha, mnatajwa Mustapha na Ibrahim na jina la Mwenyezi Mungu, mtu wa Unguja akiusikia atageuza shingo tu. Sisemi ni nini kilikuwa moyoni mwake, hayo anayajua mwenyewe, ila sauti ile mtu hakuitoa hewani. Kwenye vibao hukuti. Kwa yule aliyechagua 1981 wimbo ule haukuwa kibao. Kwa sisi ndo wa mwanzo tungeutia.

Umeona sasa? Vibao ni vya nani. Hata 1981 yenyewe nchi mbalimbali zilipata orodha zao, ya Marekani ilikuwa na Under Pressure walioimba na David Bowie, ya Uingereza haina, kule ilisubiri mpaka Greatest Hits II mwaka 1991, iliyotoka wiki chache tu kabla Freddie hajafariki tarehe 24 Novemba. Na kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha Iran. 2004 mkusanyiko wa Queen uliruhusiwa kuuzwa kule rasmi kwenye kaseti, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa kikundi cha roki, nyimbo za mapenzi zikaondolewa na ndani ya boksi ikatiwa karatasi ya kueleza maana ya nyimbo, pamoja na ile Bismillah iliomo kwenye Bohemian Rhapsody. Msanii mmoja, nyimbo zilezile, mkusanyiko kila mahala umevaa nguo ya mchaguzi wake.

Kwa hiyo mjomba akifika dukani ageuze boksi ahesabu nyimbo, ziwe 17 na ya mwanzo Bohemian Rhapsody. Akikuta boksi la sidii tatu linaitwa The Platinum Collection, hizo ni Greatest Hits ya kwanza, ya pili na ya tatu pamoja, nayo ni sawa, ila ya tatu mie naiona nyepesi, asiilipie ziada kwa ajili yake. Ukishapata sikiliza kwanza vibao wiki nzima, halafu ndo uende A Night at the Opera usikie Bohemian Rhapsody pale ilipokaa mwenyewe, karibu na mwisho, baada ya nyimbo kumi nyengine kukutayarisha. Utashangaa, ni wimbo uleule lakini unafika kwa njia nyengine.

Sikukuuliza kama unamsikiliza Bob Marley lakini kijana gani wa Zanzibar hamsikilizi, basi nikuongeze hili maana linatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Legend, mkusanyiko wa vibao vyake, ilitoka mwezi wa tano 1984, miaka mitatu baada ya kufariki kwake, nyimbo 14, Uingereza ilikaa nambari moja wiki 12 na mpaka leo ndo albamu ya rege inayojulikana dunia nzima. Dave Robinson, aliyeisimamia Island Records, alikuwa anawatafuta wanunuzi ambao Marley hakuwahi kuwafikia akiwa hai, Wazungu wa tabaka la kati, ambao wangelimuogopa yule Marley wa mapambano. Basi zikatangulizwa za mapenzi na za furaha. Sitaki kumuonea, Get Up, Stand Up imo na Redemption Song imo. Lakini Zimbabwe haimo. Africa Unite haimo. War, iliyochukua maneno ya hotuba ya Haile Selassie, haimo. Wimbo wa Zimbabwe Marley alikwenda kuuimba mwenyewe Salisbury, Harare ya sasa, usiku wa uhuru wao, Aprili 1980, mbele ya watu waliotoka msituni na silaha zao, na mtu anaweza kuipenda Legend miaka thalathini asijue kama wimbo ule upo! Kila nikifikiri hilo roho inanikereketa. Kwa hiyo Legend isikilize, ni tamu, lakini kijana wa Kiafrika akae na Survival ya 1979 vilevile, ile yenye bendera za nchi za Afrika kwenye jaladi.

ABBA, kikundi cha Sweden, naipita haraka, wale walikuwa washaacha tangu 1982 na watu wanaanza kuwasahau, 1992 ikatoka ABBA Gold, nyimbo 19, ikawafufua moja kwa moja, na 2021 ikawa albamu ya kwanza kufikisha wiki 1,000 kwenye mia bora za Uingereza. Mkusanyiko unaweza kumrudisha msanii duniani. Lishike hilo kwa sababu sasa tunarudi nyumbani.

Kwa nini wakongwe wetu wa taarab hawana greatest hits? Mwanangu, greatest hits inataka vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo na hatukuvihitaji. Inataka wimbo utoke peke yake kwenye sahani, uuzwe, uhesabiwe, upangwe kwenye chati. Taarab haikuishi hivyo. Wimbo wetu ulizaliwa klabuni, ukapelekwa harusini, ukarushwa redioni, na kibao kilijulikana kwa watu kuinuka kutunza, si kwa hesabu ya dukani. Halafu wimbo si wa mtu mmoja. Yuko aliyetunga mashairi, yuko aliyetia muziki, yuko mwimbaji na kiko kikundi, na mara nyingi jina linalosimama mbele ni la kikundi, Ikhwani Safaa iliyoanza 1905 au Culture ya Vuga. Ukitaka kutoa vibao, vya nani hasa? Chukua Kijiti. Ni wimbo wa Siti binti Saad, wa kisa cha mauaji kilichotokea mjini, baadae Bi Kidude kauimba na watu wa nje wanaujua kwa sauti ya Bi Kidude. Utauweka kwenye vibao vya nani? Wa wote wawili, na wote wawili ni halali.

Kisha kuna suala la urefu. Siti na wenzake walipokwenda Bombay 1928 kurikodi kwa kampuni ya HMV, upande mmoja wa sahani za wakati ule ulikuwa unachukua kama dakika tatu tu. Wimbo wa taarab uukate dakika tatu? Wimbo ambao ukumbini unaanza na ala peke yake, fidla na kanuni zinazungumza kwanza, halafu beti, halafu kiitikio, watu wanatunza, beti inarudiwa kwa sababu bibi mmoja kasimama na pesa mkononi na ujumbe wake kwa mwenzake haujamalizika. Kwa hiyo tunazosikia kwenye sahani zile ni nyimbo zilizobanwa, na bado ni hazina, na ziliuzwa kwa maelfu pwani nzima mpaka bara. Hata kaseti zilipokuja miaka ya sabiini, upande wa nusu saa ulikuwa unachukua nyimbo chache tu.

Lakini usije ukasema hatuna mikusanyiko. Tunayo, ila ya namna mbili.

Moja ni ile ya watu wenyewe. Wenye maduka ya redio na kaseti walikuwa wanakurikodia, unakwenda unataja nyimbo unazozitaka, huyu nipe mbili, yule nipe tatu, unarudi jioni kuchukua. Zile kaseti zilikuwa greatest hits za kila nyumba. Mama alikuwa na yake, jirani alikuwa na yake, na ukizisikiliza leo unajua kabisa moyo wa mwenyewe ulikuwa wapi. Kasoro ni kwamba juu ya boksi paliandikwa "Taarab 4" na basi, hakuna mtunzi, hakuna mwaka, pengine hata mwimbaji hakuna. Na mwenye wimbo hakupata hata shilingi, hilo nalo tuseme ukweli.

Ya pili ni ya watu wa nje. Mwisho wa miaka ya themanini kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza walitoa mfululizo wa Zanzibar, wakawarikodi kina Seif Salim, Culture na Ikhwani Safaa. Topic, hukohuko Uingereza, 2007 wakatoa mkusanyiko wa sahani za zamani za Kiswahili kuanzia miaka ya ishirini mpaka ya khamsini. Na Buda Musique ya Ufaransa ina mfululizo mrefu unaitwa Zanzibara, ya kwanza ni miaka mia ya Ikhwani Safaa, ya nne ni ya Bi Kidude, nyengine ni za Mombasa na Tanga. Kazi yao naiheshimu sana, waliandika majina, waliandika miaka, walitia na mashairi, mambo ambayo sisi wenyewe hatukuyafanya. Kama unataka mlango wa kuingilia taarab ya kizamani kwa utaratibu, anza na Zanzibara ya kwanza.

Ila lile swali letu palepale, nani anamchagulia nani? Zilichaguliwa kwa sikio la msikilizaji wa Paris na London ambaye Kiswahili hakijui, kwa hiyo sauti na ala ndo zilizopimwa, na mafumbo, ambayo kwetu ndo nusu ya wimbo na pengine zaidi, hayakuweza kupimwa. Ndo ukakuta duniani taarab ya Zanzibar ni Bi Kidude, Mungu amrehemu, alistahiki kila heshima aliyopata, lakini ukikaa na wazee barazani ukawauliza nyimbo kumi za maisha yao utasikia Bakari Abeid, utasikia Makame Faki, utasikia Rukia Ramadhani, na utasikia majina ambayo hayamo kwenye sidii yoyote ya Ulaya. Na wewe wa Pemba angalia tena orodha niliyokupa hapo juu, Unguja, Mombasa, Tanga. Chake haimo, Wete haimo. Vikundi vilikuwepo na harusi zilipigwa, lakini sijasikia aliyekwenda na mashine ya kurikodi.

Kwa hiyo ninachokuomba mie, na nakuomba kwa dhati kwa sababu umri wako na simu yako vinaruhusu, uifanye wewe. Hapo mtaani kwenu lazima yapo makaseti yamekaa kwenye masanduku na yanakufa na unyevu na kuvu. Tafuta tepurekoda nzima, uisafishe kichwa kwanza kwa spiriti, na kaseti iliyokaa miaka mingi usiipige tu, izungushe taratibu mpaka mwisho na uirudishe ndo uipige, ikiwa imeota ukungu mweupe usiitie kabisa, mpelekee fundi anaejua. Irikodi kwa faili kubwa lisilobanwa, si ile emupithrii ya kurushiana kwenye simu, hiyo utaitoa baadae. Wimbo uuache mzima, usikate ala za mwanzo wala kelele za watu, vigelegele navyo ni sehemu ya wimbo.

Halafu kaa na mwenye kaseti, akiwa bado yupo, muulize huu wa nani, kautunga nani, ulipigwa harusi ya wapi, ulikuwa unamsema nani kama anakubali kusema. Ziandike. Ukiwa na wimbo usioujua mtunzi wake andika hivyohivyo, mtunzi hajajulikana, usibuni jina. Na kama unataka kuzitoa hadharani, uwaulize kikundi au familia ya mwimbaji kwanza, na uwapitie COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, haki za msanii hazifi na kaseti. Za majumbani za kawaida hazina tatizo, ila kuuza au kupandisha mtandaoni ni jambo jengine.

Mwisho chagua kumi. Si ishirini, kumi, kwa sababu kumi zitakulazimisha ufikiri. Na kwa kila moja andika mstari mmoja kwa nini umeitia, na chini yake uandike zile ulizoziacha na kwa nini umeziacha, hilo mie sijaona kampuni yoyote iliyowahi kulifanya na mie ningelipenda sana kuliona. Ukikwama kwenye jina la mtunzi au umepata sauti huijui ni ya nani nitumie kipande, kama mie siijui wapo wazee wa klabu hapa mjini wataijua.